Mpungate wa Kopo na Mpungate wa Ua

Wakulima wengi watacheka wakiona kichwa cha maneno haya. Katika gazeti la wakulima watu hutazamia kusoma habari za korosho, minazi, muhogo na ng'ombe wa maziwa, wala si habari za mti mdogo wa miiba uliopandwa katika kopo la maziwa na kuwekwa barazani. Hata hivyo nataka leo niseme nawe juu ya mti huo, ndugu mkulima, wewe uliye Shimba Hills katika shamba alilogawiwa baba yako au babu yako, na wewe uliye Diani, Msambweni au Lungalunga. Maneno yangu ni mawili tu. La kwanza, mkulima anayepanda mipungate midogo ya maua kwa kujifurahisha hapotezi wakati wake. La pili, mpungate ukitolewa koponi ukapandwa ardhini uwe ua wa shamba, hapo mchezo umekwisha, na hasara itakayokuja haitakuwa yako peke yako.

Kwanza tuelewane juu ya jina. Pwani tukisema mpungate huwa twafikiri ule mti wenye mapande mapana kama makafi, uliojaa miiba, wenye matunda mekundu. Ule ni mmoja tu katika jamaa kubwa yenye aina zaidi ya 1,400, na karibu zote asili yake ni bara la Amerika. Mingine hupita mnazi mchanga kwa urefu. Mingine haizidi ndimu kwa ukubwa, nayo hutoa maua mekundu, ya manjano, meupe au ya waridi, pengine makubwa kuliko mti wenyewe. Hiyo midogo ndiyo ninayoisema. Alama ya mpungate ni vidoa vidogo vyenye manyoya kama pamba, na miiba hutoka katika vidoa hivyo. Mnyaa tunaoupanda nyuani si jamaa yake, wala mshubiri, wala mkonge, ingawa yote yavumilia jua.

Mipungate karibu yote iliyoko Afrika ililetwa na watu. Uko mmoja tu unaojulikana kuwa ulifika pasipo mtu kuuleta, nao hauna miiba. Huning'inia katika matawi ya miti ya msituni kama nyuzi za kijani, ukazaa matunda madogo meupe. Waonekana katika misitu ya Afrika Mashariki, na Madagaska, na Sri Lanka. Wataalamu huuita Rhipsalis, na wengi wao hufikiri kwamba mbegu zake zililetwa na ndege. Mingine yote ni wageni, na mgeni yafaa ajulikane analala wapi.

Mimi nilianza na mpungate mmoja niliopewa, ukubwa wa yai la kuku. Mzee mmoja jirani yangu alinikuta nikiunywesha maji kwa kijiko, akaniuliza, "Bwana, hicho chaliwa?" Nikamjibu, hakiliwi. "Chauzwa?" Nikasema, sikiuzi. "Kumbe chatazamwa tu?" Nikasema ndivyo. Akaenda zake akitikisa kichwa.

Nimeyafikiri sana maswali yale, maana ni maswali ya mkulima wa kweli. Sisi kila tunachokitazama shambani twakitazama kwa jicho la deni. Mkorosho ukichanua, moyo hauoni maua, waona ada ya shule. Mahindi yakinyauka, twaona gunia lililokosekana. Si kosa, ndiyo maisha yetu. Lakini mtu akitazama mimea miaka 30 kwa jicho hilo tu, mwisho haioni tena. Hupita penye jani lililokunjwa na mdudu asilione, kwa sababu haraka yake i penye bei. Mpungate wa kopo haukudai wala hauna cha kukulipa, na kwa kuwa hivyo wakulazimisha kutazama. Mtu aliyejifunza kutambua kwamba mti wake mdogo umelegea kidogo upande mmoja, tayari ameanza kuliona shamba lake upya.

Tena hauli ardhi. Katika skimu zetu nyingi shamba lililokuwa la mtu mmoja sasa lina nyumba tatu au nne za wana na wajukuu, na mama anayetaka kupanda maua haoni pa kuyapanda ila aondoe mchicha. Mipungate 20 yakaa juu ya ubao mmoja chini ya upenu. Mtoto aweza kupewa mmoja uwe wake, na mzee asiyeweza tena kushika jembe aweza kuitunza yote ameketi.

Basi mtu aipandeje hapa kwetu? Ndugu zetu wa Nairobi na bara wana raha, maana kwao usiku ni baridi na hewa ni kavu. Pwani ya Kusini si hivyo. Hewa yetu ina maji ndani yake mchana na usiku, na mvua za masika huanza mwezi wa 4 zikafika kilele mwezi wa 5. Mpungate hauchelei jua letu wala joto letu. Wachelea mizizi yake kukaa katika maji. Mwaka wangu wa pili nilikuwa nayo 11, nikaiacha nje mwezi wa 5 kwa kusema kwamba mvua ni baraka kwa kila mmea. Wiki ya tatu niligusa mmoja kwa kidole, kidole kikaingia ndani kama katika papai lililooza. Ikabaki miwili. Tangu siku ile makopo yangu yakaa chini ya bati kuanzia mwisho wa mwezi wa 3, mahali papatapo jua la asubuhi lakini mvua haifiki, hata kusi ikipiga kwa upande.

Udongo ndio mambo yote. Usichukue mchanga wa ufuoni, maana una chumvi, na umejaa unga wa matumbawe, ambao ni chokaa. Mipungate mingi midogo haipendi chokaa nyingi. Chukua mchanga mnene wa mtoni, uuoshe mpaka maji yatoke safi, kisha uchekeche na kuutupa ule laini. Changanya mafungu mawili ya mchanga huo na fungu moja la udongo mwekundu wa shambani, na konzi ya samadi ya mbuzi iliyokaa mwaka mzima hata haina harufu, na makaa yaliyopondwa vipande vya ukubwa wa punje za mahindi. Ukimimina maji juu yake yapasa yapite mara moja. Yakituama hata kwa muda wa kuhesabu kumi, ongeza mchanga. Wengine hutumia vumbi la makumbi ya nazi kwa kuwa ni rahisi kupatikana; nalo si baya likioshwa sana na kutiwa kidogo, ila hushika maji muda mrefu, na katika hewa yetu sioni haja yake.

Chombo chochote chafaa mradi kiwe na matundu chini. Kopo toboa matundu matano kwa msumari. Kifuu cha nazi ni kizuri kwa miche midogo, toboa jicho moja tu. Chombo kisiwe kikubwa. Mpungate wa ukubwa wa ndimu katika ndoo utaoza, kwa kuwa udongo mwingi usio na mizizi hukaa umelowa.

Maji ya visima vya Diani yametoka katika mwamba wa matumbawe, mengine yana chumvi, na ukiyatumia siku zote utaona ukoko mweupe juu ya udongo. Kinga maji ya mvua batini uyaweke katika pipa lenye kifuniko. Wakati wa kaskazi, jua likiwa kali na pepo kavu, mara moja kwa wiki yatosha. Wakati wa masika pengine mwezi mzima hupita bila ya kutia hata tone. Mtu anayependa sana kumwagilia nampa shauri alime mchicha.

Sasa juu ya aina. Hapa watu wengi hukata tamaa bure. Hununua mpungate wenye maua mazuri Nairobi, huuleta Msambweni, na baada ya hapo hauchanui tena. Sababu ni kwamba aina nyingi, kama zile ziitwazo Rebutia, zatoka katika milima mirefu ya Bolivia na Ajentina, ambako kuna majira ya baridi kali na ukavu. Pasipo baridi ile hazipati dalili ya kufanya matumba. Kwetu zitaishi, lakini zitakuwa kama mtu aliyeahidiwa harusi isiyofika. Yafaa kuchagua zile za nchi za joto. Baadhi ya Mammillaria huenda vizuri, na hutoa maua madogo yaliyopangika duara kama kilemba kichwani. Ukimwuliza mwenye bustani, usiulize jina tu, uliza kwamba umewahi kuchanua Mombasa au Malindi.

Lakini ukiniuliza mpungate wa pwani hasa ni upi, nitakuambia Melocactus. Huu kwao ni visiwa vya bahari ya Karibi, na Brazili, na nchi nyingine za joto za huko. Aina zake nyingine huota karibu na bahari, katika mchanga na mawe, na upepo wa chumvi wawapiga. Hauwezi baridi kabisa. Ukiwa mchanga ni kama tikiti dogo la miiba. Ukitimia umri huacha kukua mwili, ukaanza kufanya juu yake kofia ya manyoya mekundu, kama tarbushi hasa, na kofia hiyo huongezeka mwaka hata mwaka. Visiwa vya Turks huko Karibi, husemwa, vilipewa jina kwa sababu mabaharia waliuona ukifanana na Mturuki aliyevaa tarbushi, na mpaka leo mpungate huo umo katika ngao ya visiwa hivyo. Maua yake ni madogo ya waridi, hufunguka alasiri juu ya kofia, na baadaye hutokeza matunda kama pilipili ndogo za waridi, ndani yake mbegu nyeusi. Nyingi huzaa mbegu bila kuhitaji mti wa pili. Kofia huchukua miaka mingi, na mtu asiye na subira asianze nao.

Ile yenye vichwa vyekundu au vya manjano kama mpira juu ya shina la kijani, inayouzwa na wauza maua wengi, ni miti miwili iliyounganishwa, kama tunavyounganisha maembe. Kichwa hakina rangi ya kijani, kwa hiyo hakiwezi kujilisha, hulishwa na shina. Huchangamsha macho, lakini kwa kawaida haidumu miaka mingi. Shina lake mara nyingi ni jamaa ya lile tunda la joka ambalo sasa wakulima kadhaa wa Kenya wamelilima kwa biashara, nalo pia ni mpungate.

Furaha kubwa ni kupanda kwa mbegu. Jaza kopo fupi mchanganyiko ule ule uliochekechwa zaidi, ulimwagie maji yanayochemka kuua wadudu na ukungu, liache lipoe. Nyunyiza mbegu juu, usizifukie, maana ni ndogo kama chembe za mchanga na zahitaji mwanga. Funika kwa kipande cha kioo, uweke pahali penye mwanga pasipo jua kali. Kwa joto letu zaanza kuota baada ya wiki moja au tatu, nazo ni kama shanga za kijani. Mtu asiyejua atadhani ni ukungu aufute. Inua kioo kidogo kidogo kuanzia mwezi wa pili. Mwaka wa kwanza mche haupiti punje ya haragwe. Mammillaria kwa kawaida huchanua kati ya mwaka wa pili na wa nne.

Wadudu ni wachache. Adui mkubwa ni wale weupe kama vipande vya pamba wanaojificha katikati ya miiba na katika mizizi. Wapake spiriti kwa ujiti uliozungushiwa pamba, rudia baada ya wiki, na mti ulioambukizwa uutenge na wenzake. Konokono wakubwa hula miche usiku wa mvua. Waokote kwa taa.

Nimesema maneno mengi ya kusifu, sasa nije kwenye lile linalonitia hofu.

Mtu akiisha kupenda miti ya namna hii huanza kutazama huku na huku. Katika mwamba wa matumbawe karibu na bahari, na katika nyika kavu mpaka Taita, waota mti wenye shina nene kama chupa na maua ya waridi, ambao wenye bustani huuita waridi la jangwani. Si mpungate, lakini wapenzi wa mipungate huutaka sana, na nchi za Asia kama Thailand huuzalisha kwa wingi. Utomvu wake ni sumu, ndio uliotiwa katika mishale zamani. Osha mikono ukiukata. Nakusihi usiung'oe. Mti mkubwa uliong'olewa mwambani mara nyingi hufa, na penye mwamba pale hubaki shimo. Ngojea maganda yake mawili kama pembe yapasuke, chukua mbegu chache tu, zaota kwa muda wa kama wiki moja, na baada ya miaka miwili au mitatu una shina nene lako mwenyewe. Katika makaya sina haja ya kusema, kila Mdigo ajua. Kaya Kinondo, iliyoingizwa mwaka 2008 katika orodha ya urithi wa ulimwengu pamoja na makaya mengine, hata kijiti hakitolewi. Mishubiri ya porini nayo ina sheria yake. Mwaka 1986 Rais alikataza isivunwe ila ile iliyopandwa. Na mbegu au miche kutoka nchi za nje haiingizwi mfukoni, yapasa ipite kwa KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea.

Ukitaka kujua mbegu chache zaweza nini, tazama Tanga, jirani zetu hapo ng'ambo ya mpaka. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani wa huko, Walter von Saint Paul-Illaire, alimpelekea baba yake Ujerumani mbegu za mmea mdogo wa maua ya zambarau uliopatikana katika sehemu za Usambara. Mwaka uliofuata mmea ukapewa jina lake, Saintpaulia, na leo wakaa madirishani Ulaya na Marekani kwa mamilioni, wakati kwao misituni umekuwa adimu. Mamilioni hayo hayakung'olewa msituni, yalizalishwa kutokana na mbegu kidogo. Uchungu ulioko ni kwamba aliyezizalisha hakuwa mtu wa Tanga.

Lakini la kung'oa si kubwa kama la kupanda. Wakulima wa Shimba Hills mwajua taabu ya ndovu wanaotoka hifadhini usiku na kukanyaga mahindi na kuvunja minazi. Mtu aliyechoka na taabu hiyo akiona mpungate wenye makafi, mrefu, wenye miiba kama sindano, hufikiri, "Huu ndio ua wangu." Nami nimesikia watu wakisema hivyo. Basi nisikilizeni habari ya Laikipia.

Huko Doldol, wakati wa ukoloni, mpungate wa makafi ulipandwa kuwa ua. Ulikuwa ua mzuri. Kisha ukazaa matunda, na ndovu na nyani wakayapenda matunda, wakazibeba mbegu tumboni wakazipanda kila walipokwenda. Leo sehemu kubwa za malisho huko zimefungwa na mipungate hata ng'ombe hawapiti. Matunda yana miiba midogo kama nywele. Mbuzi na kondoo wakiyala hupata vidonda vya midomo na matumbo, wengine hupofuka. Wafugaji waliokuwa na majani sasa wana miiba. Waona basi, ndugu wa Shimba Hills: ua huo haumzuii ndovu, humwita. Utakuwa umempandia chakula mpakani mwa shamba lako, na hifadhi iko nyuma yake, na baada ya miaka 20 mpungate utakuwa ndani ya hifadhi, na Mwaluganje, na katika shamba la jirani ambaye hakupanda hata mmoja.

Nchi ya Australia iliyaona hayo kwa ukubwa wa kutisha. Mipungate ya kwanza ililetwa huko mwaka 1788, kwa ajili ya mdudu anayeishi juu yake, ambaye akipondwa hutoa rangi nyekundu. Sisi wa Kwale tuliolima bixa twaielewa biashara hiyo ya rangi. Baadaye ikaletwa mingine kwa nyua na bustani. Kufikia miaka ya 1920 ilikuwa imefunika kama ekari milioni 60, watu wakayahama mashamba yao. Wakaokolewa na nondo kutoka Ajentina aliyeachiliwa mwaka 1926, ambaye viwavi wake hula mpungate kwa ndani. Wakulima wa Boonarga, katika jimbo la Queensland, walijenga ukumbi wao wa mikutano mwaka 1936 wakauita kwa jina la nondo yule, Cactoblastis, na ukumbi upo. Laikipia nako, tangu mwaka 2014, mdudu wa jamaa ya yule wa rangi ameachiliwa kwa uangalifu wa wataalamu, naye anaidhoofisha aina mojawapo.

Lakini usije ukamtafuta mdudu huyo kwa mikono yako. Tigray, huko Ethiopia, ambako matunda ya mpungate ni chakula cha watu na makafi ni chakula cha ng'ombe wakati wa ukame, mdudu wa rangi aliletwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa biashara, akatoroka, akaiangamiza mipungate iliyokuwa ikilisha vijiji. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba mpungate wa makafi ni mbaya kila mahali. Nasema kwamba katika mpaka wa hifadhi yenye ndovu hauna pahali.

Jambo hili hunichekesha kidogo na kunihuzunisha. Mpungate wa Doldol ulipandwa na watu wa busara, kwa faida, kwa mpango. Ule wangu wa kopo, ambao mzee jirani aliuona upuuzi, haujamdhuru mtu, isipokuwa vidole vyangu. Tofauti yao ni kopo. Hata midogo usiitupe jalalani au korongoni ukiichoka. Mpe mtu, au ikaushe juani mpaka ife kabisa kisha uichome.

Kwa ndovu ziko njia nyingine. Wakulima wa Sagalla, karibu na Voi, wamejaribu nyua za mizinga ya nyuki iliyofungwa kwa waya mmoja, ndovu akigusa waya mizinga yote hutikisika. Ndovu humwogopa nyuki, na mkulima hupata asali. Haizuii wote, lakini haiwaiti.

Na kama tayari una mpungate wa makafi mpakani, uondoe mwaka huu kabla matunda hayajaiva. Vaa viatu vya kufunika mguu na glavu nene, na macho uyakinge. Kata kuanzia juu, usiache hata kipande, kwa kuwa kila kafi likiangukia udongoni hutoa mizizi. Usiyaburute njiani wala usiyatupe mtoni. Chimba shimo refu kuliko kiuno chako, uyafukie yote na kuyashindilia, au uyarundike juu ya mabati juani mpaka yakauke ya kuungua, kisha uyachome. Kisha rudi mahali pale mvua za vuli zikianza, na tena masika, ung'oe kila chipukizi uonalo. Ukiona mengi kuliko nguvu zako, mwite bwana shamba wa kata yako, na jirani zako pia, maana siku moja ya watu kumi ni bora kuliko siku kumi za mtu mmoja aliyechoka.

Yule mzee jirani alikuja tena mwezi wa 1. Melocactus wangu mkubwa umeanza tarbushi, mwekundu wa kidole kimoja. Akautazama kitambo, akauliza umri wake. Nikamwambia miaka tisa. Akasema, "Mkorosho wangu ulizaa kwa mitatu." Kisha akaketi.